Commodore 64: taa nyekundu inawaka, skrini nyeusi

SWALI: Shikamoo fundi. Baba mdogo aliporudi kutoka Ujerumani alikuja na kompyuta yake ya ujanani, Commodore 64, pamoja na pawasaplai yake, kile kiboksi cheusi kizito. Nimeiunga na TV hapa nyumbani Mombasa. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri, kisha ikawa kila ikikaa kama nusu saa herufi zinavurugika. Sasa taa nyekundu inawaka lakini skrini ni nyeusi tupu. Rafiki yangu anasema chipu ya picha imekufa, niagize nyingine. Niagize?

JIBU: Marahaba. Usiagize chipu yoyote kwanza. Chomoa ile pawasaplai ukutani, na usiichomeke tena kwenye kompyuta mpaka uwe umeipima. Dalili zako zinaweza kuletwa na mambo kadhaa, lakini kwenye mashine hii mtuhumiwa wa kwanza ni kile kiboksi, na ubaya wake ni kwamba kikiharibika hakifi peke yake.

Commodore 64 ilitoka mwaka 1982, na pawasaplai yake hutoa umeme wa aina mbili kwa pamoja: volti 5 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) na volti 9 za AC (unaogeuka mwelekeo kila mara, kama wa ukutani). Ndani mna transfoma yenye koili mbili za kutolea umeme. Koili moja hupitia dayodi na kapasita, kisha rejuleta inayobana umeme usivuke volti 5. Koili ya pili hutoka kama ilivyo. Hiyo rejuleta ndiyo kiini cha maradhi. Inafanya kazi kwa moto mkali, na viboksi vingi vilijazwa epoksi iliyoganda kama jiwe, kwa hiyo joto halina pa kutokea na fundi hana pa kuingilia. Rejuleta ikichoka, mara nyingi haizimiki kwa heshima. Inaacha kubana, na zile volti 5 zinapanda hadi 6, 7 au zaidi, moja kwa moja kwenye bodi.

Kwenye bodi hakuna kitu cha kuzizuia. Fyuzi utakayoiona ndani, karibu na swichi, iko kwenye njia ya volti 9 za AC, hailindi ile ya volti 5. Chipu za kumbukumbu za 4164, ambazo ni nane kwenye bodi za mwanzo, ni za volti 5 na kikomo chake cha juu kabisa ni volti 7. Aghalabu hizo ndizo hutangulia kufa, na PLA, chipu inayogawa kumbukumbu kwa wenzake, haiko mbali nyuma. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kitangulie. Ukiweka chipu mpya kisha ukairudishia pawasaplai ileile, unaweza kuiunguza jioni hiyohiyo.

Taa nyekundu isikupe moyo. Inakula kwenye laini ya volti 5, na itawaka zikiwa 4.3, itawaka zikiwa 7. Inakuambia tu kwamba kuna umeme fulani unaofika.

Lipo pia jambo la hapo kwenu. Pawasaplai iliyonunuliwa Ujerumani enzi zile ilitengenezwa kwa volti 220, na umeme wa Kenya ni 240. Transfoma haijui kupunguza ziada hiyo: zile 9 zinakuwa karibu 9.8, na rejuleta inalazimika kugeuza tofauti yote kuwa joto. Kitu ambacho Ujerumani kilikuwa kinachemka kiasi, Mombasa kinachemka zaidi, tena kwenye chumba ambacho chenyewe kina joto. (Anayesoma hapa akiwa na kiboksi cha Marekani asijaribu kabisa kukichomeka ukutani: kile ni cha volti 120.)

Sasa kupima. Plagi inayoingia kwenye kompyuta ni ya duara, na ina mkato mmoja wa kuielekeza. Pini mbili za mwisho, zilizo kila upande wa mkato, ndizo za volti 9. Weka mita (maltimita ya kupimia volti) kwenye AC uguse hizo mbili. Bila lodi, yaani bila kitu kinachokula umeme, utapata 9 na kitu, hata zaidi ya 10, na hilo ni sawa. Pini ya katikati, inayotazamana na mkato, ndiyo negativu. Hamisha mita iwe DC, waya mweusi ukae kwenye hiyo ya katikati, waya mwekundu ujaribu jirani zake wawili. Mmoja utatoa volti 5, mwingine hautoi kitu au haupo kabisa. Angalia tu ncha za mita zisigusanishe pini mbili.

Watu wengi huishia hapo, wakaona 5.0, wakairudisha pawasaplai kazini. Kipimo hicho hakitoshi. Rejuleta mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi na haina kazi, na herufi zako zilivurugika baada ya nusu saa, si mara tu ulipowasha. Lazima uipe lodi. Nenda duka la spea za magari ununue balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21. Kwa volti 5 itawaka kwa unyonge na kula takriban ampea 1, na pawasaplai hii imeandikiwa ampea 1.5, kwa hiyo ni kazi halali kwake. Unga balbu kati ya negativu na volti 5, iache nusu saa mpaka saa nzima, usiondoke, na usome mita kila baada ya dakika chache. Inatakiwa ikae kati ya 4.75 na 5.25. Ikipanda juu ya 5.25, safari yake imekwisha. Ikishuka chini ya 4.75 haitaua chipu, lakini ndiyo inayovuruga herufi. Ukitaka kujua zaidi, hamishia mita kwenye AC palepale kwenye volti 5: ukiona sehemu kubwa ya volti moja, kapasita ya ndani imekauka.

Hata ikifaulu mtihani huo, mimi siiamini. Kufaulu leo hakuzuii rejuleta kuachia kesho, na haitoi onyo. Njia mbili zina maana. Ya kwanza ni kuweka kati ya pawasaplai na kompyuta saketi ndogo ya kinga inayokata umeme ukivuka takriban volti 5.5; wapenzi wa mashine hizi wanaziuza, na fundi mzuri anaweza kukutengenezea kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na zena (dayodi inayopitisha umeme ukivuka volti fulani). Ya pili, ambayo ndiyo naipendelea, ni kustaafisha kiboksi na kutengeneza kipya: transfoma ya volti 240 kwa 9 yenye ampea 1 au zaidi, pembeni yake pawasaplai ya kisasa ya volti 5 ampea 3 ya kampuni inayojulikana, fyuzi upande wa ukutani, vyote ndani ya boksi lililofungwa. Kama hujazoea kufanya kazi na umeme wa ukutani, mpe fundi. Na usidanganyike na adapta ya volti 9 DC kwa vile namba zinafanana. Bodi inahitaji AC kwelikweli.

Hiyo AC ina kazi gani? Kwenye bodi za mwanzo inageuzwa kuwa volti 12 kwa chipu ya picha na ya sauti, na kuwa volti 5 za pili kwa chipu ya picha na saketi ya mapigo inayoiendesha mashine nzima. AC ikikosekana hakuna mapigo, na hapo unapata hasa ulichoeleza: taa nyekundu, skrini nyeusi, kila chipu ikiwa nzima. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu yeyote, toa ile fyuzi ya ndani uipime. Ni ya ampea 1.5. Ikiwa imeungua, weka ya kiwango hichohicho, usifunge waya. Ikiungua tena, kuna shoti baada yake na rejuleta za bodi ndizo za kuangaliwa.

Ukishapata pawasaplai salama, washa na upime kwenye bodi yenyewe. Upande wa kompyuta hauna umeme wa kukudhuru, mradi pawasaplai iko nje. Tafuta rejuleta mbili kubwa: iliyoandikwa 7812 itoe volti 12, ya 7805 itoe 5. (Modeli za baadaye zenye bodi fupi zina volti 9 mahali pa 12, usishtuke.) Pima pia volti 5 kwenye miguu ya chipu yoyote ya kumbukumbu. Zikiwa 5 kwenye plagi na 4.6 pale, swichi ya kuwashia imeshika uchafu. Nyunyizia dawa ya kusafishia kontakti, iwashe na kuizima mara nyingi, upime tena.

Volti zote zikiwa sawa na skrini bado nyeusi, hapo sasa tuzungumze chipu. Iache dakika tano, kisha sogeza kidole juu ya zile 4164 taratibu. Inayochoma kuliko wenzake ndiyo ya kutoa kwanza. Katriji ya majaribio ya Commodore yenyewe, Dead Test, hufanya kazi hata kumbukumbu ikiwa imekufa, na humulika skrini mara kadhaa kukuonyesha chipu ipi ni mbovu. Chipu ya picha, ambayo rafiki yako anataka uinunue, iweke mwisho kabisa. Ni ghali, na ni adimu.

Mashine ikifufuka, skrini ya kwanza inatakiwa iandike 38911 BASIC BYTES FREE. Ikiandika namba ndogo kuliko hiyo, kumbukumbu bado ina kasoro. Niandikie namba uliyoiona, pamoja na vipimo vya 5, 9 na 12, nikuambie pa kuendelea.