Mkono wa mzee na seli zilizobaki hai

Pole sana dada. Umeuliza kama mkono wa mzee uliopooza kwa kiharusi utarudi, maana mmeambiwa hapo Mwanza kwamba seli za ubongo zikifa hazifufuki. Ni kweli hazifufuki, ila pembeni ya sehemu iliyokufa zipo seli hai zilizopoteza mawasiliano tu. Damu ikikatika, glutamati, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, humwagika kupita kiasi, kalsiamu hufurika ndani ya seli, na kimeng'enya kiitwacho kalpaini huanza kukatakata protini za sinapsi, pale seli moja inapopashana habari na nyingine. PSD-95, inayoshikilia mahali pake vipokezi vya ujumbe huo, ni mojawapo. Kwa makadirio ya daktari wa ubongo Jeffrey Saver ya mwaka 2006, kiharusi kikubwa kisichotibiwa huharibu sinapsi bilioni 14 kila dakika! Siku nyingine mdomo wa mtu ukipinda ghafla, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali ya Bugando.

Sasa kuhusu mzee: kwa panya wa maabara, wiki zinazofuata kiharusi protini kama GAP-43 na sinaptofisini huongezeka kandokando ya jeraha, viungio vipya kati ya seli vikajengeka. Mazoezi huvisaidia. Kwa hiyo msimlishe kila tonge. Mwacheni ajaribu kwa mkono ule ule mzito, na msikatize fiziotherapia.