Kiungo cha makala yako kinavyoonekana Facebook, na namna ya kukirekebisha

Mtu ameandika makala nzuri kuhusu kilimo cha zabibu Hombolo, Dodoma, kaweka picha sita, kanakili kiungo na kukibandika Facebook. Kinachotokea kwenye simu ya msomaji ni kisanduku cha kijivu chenye anwani ya blogu na neno "Nyumbani". Picha haipo, kichwa cha makala hakipo. Msomaji yuko kituoni anasubiri daladala ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma; anapitisha kidole na kuendelea na mambo mengine. Makala haina kosa. Kosa liko kwenye kile kisanduku, yaani kadi ya kiungo, na kinarekebishika kwa nusu saa.

Ukibandika kiungo, Facebook hutuma roboti yake, yaani programu ya kusoma kurasa iitwayo facebookexternalhit, ikasome tagi (mistari mifupi ya msimbo) zilizofichwa juu kabisa ya ukurasa wako wa wavuti. Mfumo huo wa tagi unaitwa Open Graph. Facebook iliuleta mwaka 2010. Tagi tatu ndizo zenye kazi kubwa: og:title kwa kichwa, og:description kwa maelezo mafupi, og:image kwa picha. Zikikosekana, roboti inabahatisha, na mara nyingi inaokota nembo au tangazo la pembeni. Zamani mwenye Ukurasa wa Facebook (Page) aliweza kubadili kichwa na picha palepale anapoposti. Facebook iliondoa nafasi hiyo mwaka 2017, kuwazuia watu wanaopachika vichwa vya uongo kwenye habari za wengine. Marekebisho sasa yanafanyika kwenye blogu yenyewe, na hilo lina heri yake, kwa sababu WhatsApp nayo inasoma tagi hizohizo. Ukitengeneza mara moja, umetengeneza kote kuwili.

Kadi ya kiungo

Walioko Blogger tayari wana tagi, ila zinahitaji kulishwa. Ingia kwenye Mipangilio, shuka hadi sehemu ya meta tagi, washa maelezo ya utafutaji. Baada ya hapo kila makala itakuwa na nafasi ya maelezo hayo kwenye mipangilio yake ya pembeni. Andika sentensi moja au mbili. Picha inayochukuliwa ni ile ya kwanza ndani ya makala. Basi usianze makala kwa kijipicha cha mapambo au nembo ya blogu, maana hicho ndicho kitakachokuwa uso wa kazi yako.

WordPress uliyojiwekea mwenyewe kwenye seva ya kukodi haina tagi hizi kwa asili yake. Wengi hawalijui hili, wanaishia kuilaumu Facebook. Weka programu-jalizi ya Yoast SEO au Rank Math, moja tu. Ukiweka mbili, ukurasa unaweza kubeba og:image mbili zinazopingana. Kisha kila makala ipewe picha yake kuu.

Picha yenyewe iwe na upana wa pikseli 1200 na urefu wa 630. Ikipungua 600 kwa 315, Facebook inaionyesha kama kijipicha kidogo pembeni badala ya picha pana. Jambo kuu la picha liwe katikati: WhatsApp wakati mwingine huikata iwe mraba, na kichane cha zabibu kilichokaa ukingoni kulia kitabaki jani tupu. Uzito wa faili ubaki chini ya KB 300, kwa sababu picha nzito ndiyo sababu ya kawaida ya kiungo kutokea WhatsApp bila picha. Zana iitwayo Squoosh inabana picha ndani ya kivinjari bila malipo: chagua JPEG, weka ubora kati ya 75 na 80, punguza upana hadi 1200.

Na hapa tusimame kidogo kwenye suala la bando. Picha moja ya simu ya kisasa hufika MB 3 hadi 5. Picha sita za MB 4 zikiwekwa kwa ukubwa wake halisi ni MB 24 kwa makala moja, na msomaji mwenye bando la MB 500 atalimaliza kwa makala ishirini. Picha hizohizo zikibanwa hadi KB 150 kila moja, jumla haifiki hata MB 1. Msomaji wa Bahi au Mpwapwa anayefungua blogu kwa mtandao dhaifu hatakuandikia kukulalamikia. Atafunga tu.

Kabla ya kuposti, fungua zana ya Facebook iitwayo Sharing Debugger, kwenye anwani developers.facebook.com/tools/debug. Unaingia kwa akaunti yako ya kawaida, unabandika kiungo, unaona kadi kama wasomaji watakavyoiona. Ukishabadili picha au kichwa kwenye blogu, usitegemee Facebook ijue yenyewe: inatunza nakala ya mara ya kwanza. Bonyeza "Scrape Again" ili isome upya. Zana hii inaondoa pia lile tatizo la mtu wa kwanza kushea kuona kadi isiyo na picha. Roboti inakuwa bado haijaipakua. Ukiipitisha kwenye Sharing Debugger kwanza, picha inakuwa tayari.

Ikileta kosa la 403, blogu yako inaizuia roboti. Angalia kama umeiacha kwenye hali ya faragha au ya "inakuja hivi karibuni", kama programu ya ulinzi inazuia roboti zote, au kama faili ya robots.txt, inayoziambia roboti zipi ziingie, imefunga mlango. Na kama umehamia kutoka http kwenda https, hakikisha anwani ya zamani inaelekeza kwenye mpya, maana Facebook inazihesabu kama kurasa mbili tofauti.

Ukurasa, na maneno ya juu ya kiungo

Akaunti binafsi inaishia marafiki 5,000. Ukurasa hauna ukomo wa wafuasi na unakupa takwimu. Fungua Ukurasa. Jina liwe lile la blogu, herufi kwa herufi. Picha ya juu huonekana kwa pikseli 851 kwa 315 kwenye kompyuta na 640 kwa 360 kwenye simu, yaani simu inakata karibu sehemu moja ya sita kila upande. Ukiandika jina la blogu kuanzia ukingo wa kushoto, wenye simu watasoma nusu.

Ukiwa na wafuasi 3,000, usidhani wote wanaona posti yako. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba mlisho utatanguliza posti za ndugu na marafiki, na Kurasa zikasogezwa nyuma. Tangu Desemba 2017 inazishusha pia posti zinazoomba "like na share" ili kujipandisha. Kinachobaki mkononi mwako ni maneno ya juu ya kiungo, nayo ndiyo yanayostahili muda wako. Linganisha:

"Habari mpya kwenye blogu yetu! Bofya hapa usome zaidi."

Na hii:

"Unataka kuanza ekari moja ya zabibu Mpunguzi au Bihawana? Kabla hujanunua miche, piga hesabu ya nguzo na waya, kwa sababu ndizo zinazowakwamisha wengi katikati. Hesabu yote iko hapa, kitu kwa kitu."

Ya pili imetaja mahali, imetoa jambo moja la kweli hata kwa asiyebofya, na imesema nini kipo ndani. Mistari mitatu inatosha. Kuficha kiungo kwenye maoni hatukushauri: kadi pana uliyoihangaikia inapotea, na msomaji anaanza kukitafuta.

Magrupu ni msaada mkubwa kuliko Ukurasa wenyewe kwa blogu changa, ila yana adabu yake. Kubandika kiungo kimoja kwenye magrupu kumi ndani ya dakika tano kunaifanya Facebook ikuhesabu kama mtuma taka. Ingia kwenye grupu mbili au tatu za wakulima, wanafunzi au wakazi wa mkoa. Mtu akiuliza swali, mjibu kwa maneno kamili kwanza, kiungo kifuate mwishoni kwa anayetaka kirefu.

Wakati wa kuposti, fuata kalenda ya watu wako. Mvua za kanda ya kati huanza karibu na Desemba, kwa hiyo makala ya mbegu za alizeti itoke Oktoba au Novemba, Januari imechelewa. Mwongozo wa nyumba za wageni utoke kabla ya Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili, na kabla ya Nanenane pale Nzuguni. Makala kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, haina msimu. Iposti upya kila baada ya miezi michache kwa maneno mapya. Kama blogu yako inatoa habari na matukio, ulizia TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni kabla hujaanza kuitangaza. Na picha za watu, hasa watoto, ziombewe ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Kujua nani ametoka wapi

Google Analytics, zana ya Google ya kuhesabu wasomaji wa tovuti, itaonyesha wageni wa Facebook kwa majina kama m.facebook.com na l.facebook.com, yote ni Facebook. Wa WhatsApp kwa kawaida wanaangukia kundi la waliokuja moja kwa moja, kana kwamba wameandika anwani kwa mkono. Ndiyo maana kila kiungo unachoposti kiongezewe mkia unaotaja kilikopostiwa:

?utm_source=facebook&utm_medium=social&utm_campaign=zabibu

Cha WhatsApp kiwe utm_source=whatsapp. Tumia herufi ndogo siku zote, kwa sababu "Facebook" na "facebook" zitahesabiwa kama vyanzo viwili. Mkia huu usiuweke kwenye viungo vya ndani ya blogu, utavuruga hesabu nzima. Ile fbclid ndefu inayojitokeza yenyewe huongezwa na Facebook; haina madhara, ila ifute unapokinakili kiungo kwa matumizi mengine.

Limebaki la ulinzi, na hili usiliache hadi kesho. Ukurasa wenye msimamizi mmoja unapotea siku akaunti yake ikifungiwa, hata kama una wafuasi elfu ishirini. Mpe mtu wa pili unayemwamini mamlaka kamili. Nyote wawili washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba, kuliko kutegemea SMS ya laini inayoweza kupotea. Facebook itakupa namba kumi za dharura: zinakili kwenye karatasi, uziweke nyumbani. Ukipokea ujumbe kwamba Ukurasa wako utafutwa kwa kukiuka hakimiliki usipobofya kiungo fulani, usibofye. Nenda kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako, tafuta orodha ya barua pepe zilizotumwa na Facebook. Kama barua hiyo haimo, imetoka kwa wezi.