Pesa ya chakula ukiwa mkandarasi wa kujitegemea: anza na kwotesheni (bei unayompa mteja), kisha KRA

Ukiwa umeajiriwa, ofisi ikikutuma Bungoma au Busia inakupa posho ya safari, unakula, unalala, unarudi nyumbani. Siku unapoacha ajira na kuanza kuchukua kandarasi mwenyewe, posho hiyo inakoma na njaa inabaki ile ile. Wengi wanaoingia kazi hii hukokotoa bei ya vifaa, nauli na ujira wao, wakasahau kwamba siku sita za Ugunja ni asubuhi sita, adhuhuri sita na jioni sita za kununua chakula.

Mimi hufunga sola na pampu za maji. Makao yangu ni Kisumu, na kazi nyingi ziko Siaya, Busia, Kakamega, mara nyingine Nakuru. Vijana wanaoanza huniuliza swali moja kila mara: naweza kukihesabu chakula kama gharama ya biashara ili kodi ipungue? Jibu lipo na nitalieleza, lakini kwanza nakuuliza wewe: mteja amekilipia?

Tuchukue kazi ya siku 6 nje ya mji, chakula Sh1,200 kwa siku. Hiyo ni Sh7,200. Kama hukuiweka kwenye bei na huna risiti, umepoteza Sh7,200 zote. Kama una risiti zinazokubalika na mapato yako yanafika kiwango cha kodi cha asilimia 30, KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, itakupunguzia Sh2,160 tu. Sh5,040 zimekutoka mfukoni. Sasa tuseme uliiweka kwenye bei, mteja akalipa, lakini risiti huna. Zile Sh7,200 zinahesabiwa kuwa mapato yako, zinatozwa kodi ya Sh2,160, na hasara yako ni hiyo Sh2,160. Ukiwa na vyote viwili, bei na risiti, mapato ya Sh7,200 yanakutana na gharama ya Sh7,200 na hudaiwi kitu. Hapo ndipo mahali pekee ambapo chakula hakikugharimu. Kwa hiyo bei ndiyo inayokurudishia pesa, na risiti ndiyo inayoilinda isiliwe na kodi. Wengi hushika risiti na kusahau bei, wakati pesa kubwa iko kwenye bei.

Kuhusu namna ya kuiandika, inategemea mteja. Mashirika na ofisi za kaunti hupenda mchanganuo. Waandikie mstari wake, "gharama za safari na kujikimu, mafundi 2, siku 6", na uulize mapema kama wana kiwango chao cha kila siku. Usiwashangae wakisema wanalipa kwa kiwango chao. Ni bora ukijua kabla ya kutia sahihi. Mwenye boma anayefungiwa pampu huko Alego ni tofauti. Akiona mstari wa chakula anaanza kujadiliana nawe juu ya ugali. Kwake weka bei moja ya siku ya kazi, chakula kikiwa ndani yake, na usimfafanulie zaidi ya hapo.

Na uandike siku za kusubiri. Hili nalisisitiza kuliko yote. Niliwahi kuwa na kazi upande wa Busia ambako mteja ndiye aliyekuwa analeta mabomba, na mabomba hayakuja kwa wakati. Mimi na msaidizi tulikaa gesti tukila na kulala bila kugusa kazi. Kwenye makubaliano kulikuwa na sentensi moja: kazi ikisimama kwa sababu ya vifaa vya mteja, kila siku ya kusubiri inalipiwa malazi na chakula kwa kiwango kile kile. Mteja hakufurahi, lakini alilipa, kwa sababu iliandikwa na alikuwa ametia sahihi. Bila sentensi hiyo, faida yote ya kazi ingeishia kwenye samaki na chapati.

Sasa upande wa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inakubali gharama iliyotumika yote na kwa ajili ya kutafuta mapato pekee. Sheria hiyo hiyo inakataa gharama za mtu kujitunza mwenyewe na familia yake. Chakula kinakaa katikati ya hayo mawili, na ndiyo maana kinaleta ubishi. Ukiishi Kisumu na kufanya kazi Kondele au Mamboleo, chakula chako cha mchana ni cha kujitunza. Ungekula hata kama hukuwa na kazi siku hiyo. Usikiweke. Ukilala Bondo siku tatu kwa sababu ya kazi, chakula cha huko ni sehemu ya safari ya biashara na una hoja ya kukitetea. Kadiri safari inavyokuwa fupi na mbali na kwako, hoja inakuwa na nguvu. Ukikaa Bungoma miezi mitano kwenye mjengo mmoja, umepanga chumba na unapika mwenyewe, afisa atakuuliza kama Bungoma si kwako sasa. Ukimchukua mke au mume wako kwenye safari ya Nakuru, gharama yake itoe kabisa. Chakula cha kumkaribisha mtu unayetarajia akupe kazi mimi hukiacha nje, isipokuwa naweza kuonyesha nilikaa na nani na tulizungumza kazi gani.

Kuna jambo linalowachanganya watu wengi tangu katikati ya mwaka 2025. Sheria ya Fedha ya 2025 ilipandisha posho ya safari isiyotozwa kodi kutoka Sh2,000 hadi Sh10,000 kwa siku. Nimesikia mafundi wakisema basi kila siku ya safari wanaandika Sh10,000 bila risiti. Kifungu hicho kinamhusu mwajiriwa aliyetumwa na mwajiri wake nje ya kituo chake cha kazi. Wewe mkandarasi huna mwajiri wa kukutuma. Unachoweza kuandika ni kile ulichotumia kweli na unachoweza kukithibitisha. Ni hivyo hivyo kwa ile nafuu ya chakula ambacho mwajiri anawapa wafanyakazi wake, iliyopandishwa mwishoni mwa 2024 hadi Sh5,000 kwa mwezi: ni ya waajiriwa.

Kuthibitisha siku hizi maana yake ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguzwa, ila chache zilizotajwa na sheria. Ujumbe wa M-Pesa kwamba umelipa Sh450 kwa till fulani unaonyesha pesa ilitoka, lakini si ankara. Karatasi ya kuandikwa kwa kalamu, hata ikiwa na muhuri, si ankara. Na KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 italinganisha mapato na gharama unazotaja kwenye ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka, na data ya eTIMS pamoja na kodi uliyokatwa na wateja, kwa hiyo kilichokuwa kinapita miaka ya nyuma usikitegemee.

Ukiingia hoteli au gesti, uliza kabla ya kuagiza: mnatoa risiti ya eTIMS? Wakisema ndiyo, wape PIN yako ya KRA kabla hawajachapisha, kwa sababu ankara isiyo na PIN ya mnunuzi haionyeshi kwamba mnunuzi ni wewe. Angalia chini ya karatasi: inapaswa kuwa na alama ya mraba ya kuskani na namba ya ankara. Iskani pale pale mezani kwa simu. Ikileta ukurasa wa KRA wenye kiasi kile kile, uko sawa. Kisha ipige picha, maana wino wa karatasi hizo hufifia, na sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano.

Pamoja na picha, weka daftari. La karatasi linatosha. Langu lina mistari kama hii: "Jumatano, Bondo, pampu ya shule, siku ya pili. Chakula cha jioni 450, chumba 1,500, ankara ipo." Ankara inasema ulikula; daftari linasema kwa nini ulikuwa Bondo.

Kibanda ndicho kigumu. Tunakula kwa akina mama wa vibanda kwa sababu wako karibu na saiti, chakula ni kizuri na bei ni nafuu, na wengi hawana eTIMS. Sheria iliyobadilishwa mwishoni mwa 2024 inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh5 milioni, lakini muuzaji anahitaji PIN na akubali. Mama mwingine atakubali ukimweleza kwa heshima, hasa kama mtakula kwake wiki nzima. Pia anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa simu ndogo kupitia *222#. Mwingine ataogopa, na ni haki yake. Usimsukume mtu aingie kwenye mfumo asioutaka kwa ajili ya sahani ya maharagwe. Kula, lipa, na ukubali kwamba hiyo haitaingia kwenye ritani. Kama uliiweka kwenye bei, umesharudishiwa sehemu kubwa. Kwenda hoteli ya mjini na kulipa mara mbili ili upate risiti ni hesabu mbaya: unatumia shilingi mia tatu zaidi ili uokoe kodi ya mia na kitu.

Chakula cha vibarua ni jambo jingine kabisa. Ukiwalisha wachimbaji wa mtaro, hujitunzi wewe, unagharimia kazi, na hoja yako ni imara kuliko ya chakula chako mwenyewe. Ankara bado inahitajika. Wengine hukubaliana na vibarua ujira unaojumuisha chakula, kwa sababu ujira hauhitaji ankara ya eTIMS, lakini ujira nao una makato na kumbukumbu zake, kwa hiyo usiufanye njia ya kukwepa.

Kabla ya kukusanya risiti hata moja, jua uko kwenye kodi gani. Biashara yenye mauzo kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka inaweza kuwa chini ya TOT (kodi ya mauzo), asilimia 3 ya mauzo ghafi, inayolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Kwenye TOT gharama hazipunguzwi kabisa, za chakula wala za nyaya. Hapo bei ndiyo kila kitu: zile Sh7,200 ukizitoza zinakugharimu Sh216 za kodi na basi. Ada za kitaalamu na ushauri haziingii TOT, kwa hiyo mshauri na mfunga nyaya wanaweza kukaa meza moja wakila samaki na kila mmoja akawa na sheria yake.

Mteja akikukata kodi kabla ya kukulipa, yaani asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu au 3 kwa kandarasi za ujenzi na uhandisi, malipo yanapofika Sh24,000 kwa mwezi, anakata kwenye jumla yote ukiwa umechanganya chakula ndani ya ada. Haijapotea, inasimama kama kodi uliyokwisha kulipa. Ingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, uhakikishe cheti cha makato hayo kipo, na ukikikosa mpigie mteja mwezi huo huo. Ukingoja hadi wiki ya mwisho ya Juni, wakati ritani inatakiwa kufikia tarehe 30, utamkuta mhasibu wake naye amefurika kazi.