Maswali ya Wasomaji: Kwenda Polyaigos kwa Boti

SWALI: Agosti tutakuwa Milos, Ugiriki. Tunataka kukodi boti ndogo na kuiendesha wenyewe hadi Polyaigos, kisiwa kisichokaliwa na watu, tushinde huko. Hatuna leseni. Yawezekana?

JIBU: Yawezekana. Ugiriki, boti ya kukodi yenye mashine isiyozidi nguvu farasi 30 haihitaji leseni. Ila mwulizeni kwanza mwenye boti kama anaruhusu kuvuka hadi huko.

Kazi iko kwenye kurudi. Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo mkali wa kaskazini, ambao mara nyingi huzidi kadiri jua linavyopanda. Fukwe za kusini mwa Polyaigos ziko demani, yaani upande usiopigwa na upepo, maji yake yametulia kama ya beseni, na hapo ndipo wengi hudanganyika: kilima kimewakinga. Mkishaizunguka pembe ya kisiwa kuelekea Pollonia, kijiji cha pwani huko Milos, mnakutana na bahari nyingine kabisa, mawimbi yanapiga omo, mbele ya boti, upande wa kulia. Basi ng'oeni nanga kabla ya saa sita mchana. Utabiri ukitaja Beaufort 5 (kipimo cha nguvu ya upepo), msitoke. Mafuta yagaweni mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, la akiba.

Na hata pale ufukweni, upepo huporomoka mlimani kwa vishindo, ukielekea baharini. Mtoto aliyekalia boya la kuchezea husukumwa nje upesi kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Boya hilo lifungeni kamba.

Kisiwani hakuna duka wala bandari. Maji ya kunywa chukueni lita 4 kwa kila mtu, na takataka zote zirudi nanyi. Moto msiwashe, nyasi za Agosti ni kavu kama karatasi.

SWALI: Tulitia nanga kwenye kina cha mita 4, tukalegeza kamba mita 20, bado ikaburuta. Kosa letu nini?

JIBU: Urefu ulitosha, huenda kosa ni mahali. Mabaka meusi mnayoyaona chini ni majani ya posidonia, mmea unaoota chini ya bahari. Nanga huteleza juu yake, au hushika mizizi kidogo kisha ikaing'oa, na mbuga hiyo huchukua miaka mingi sana kuota tena. Tafuteni baka jeupe la mchanga. Shusheni nanga polepole, boti ikirudi kinyumenyume, kisha mvute taratibu kwa mashine mkitazama alama mbili za nchi kavu zilizopangana. Zikiachana, rudieni. Halafu mtu avae miwani ya kuzamia, aende akaione: ncha iwe imezama mchangani. Kipande cha mnyororo kati ya nanga na kamba nacho ni lazima, kwani ndicho kinachoilaza nanga ivutwe kwa ubapa.

SWALI: Tunaweza kuingia mapangoni kwa kuogelea?

JIBU: Tafadhali msiingie. Sili-mtawa wa Mediterania, mnyama adimu, hupumzika na kuzaa humo, hasa kuanzia mwisho wa kiangazi hadi majira ya mapukutiko. Mama akishtuka aweza kumwacha mtoto ambaye bado ananyonya. Tazameni mkiwa mbali, mashine imezimwa.