Wadogo zangu, dakika zigeuzeni sekunde

Wiki hii nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili, mada ya kazi, nishati na pawa, na kalamu nyekundu imeniishia wino. Makosa ni yale yale niliyoyafanya mimi. Nawapenda, ndiyo maana nakasirika.

1. Kilo si niutoni, kipimo cha kani, yaani msukumo au mvuto. Mfuko wa saruji wa kilo 50, zidisha kwanza kwa 10 upate niutoni 500, ndipo uzidishe kwa kimo upate kazi, kwa jouli.

2. Neno "nguvu" liacheni nje ya mlango wa darasa. Mtaani umeme una nguvu, ugali unaleta nguvu, kuli ana nguvu. Darasani kila kimoja kina jina lake. Anayesukuma lori lisisogee ametumia kani, ila hajalifanyia lori kazi hata ya jouli moja. Jasho lake ni la kweli: misuli imechoma nishati ya ugali ikawa joto. Akipandisha gunia ghorofani, hiyo ni kazi. Akilipandisha kwa nusu ya muda, kazi ni ile ile, pawa, yaani kazi kwa kila sekunde, imekuwa mara mbili.

3. Muda uwe sekunde. Hapa nisikilizeni vizuri.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mjomba alitaka pampu ya kujaza tangi la lita 1,000 kwa dakika 20, na kutoka maji ya kisima hadi mdomo wa tangi ni mita 6. Akaniambia, "Wewe si unasoma sayansi? Nipigie hesabu." Lita 1,000 ni kilo 1,000, ni niutoni 10,000, mara mita 6, jouli 60,000. Mpaka hapo sawa. Kisha nikagawa kwa 20. Wati 3,000! Nikamwandikia kwenye karatasi, nikapiga mstari chini ya jibu.

Mjomba aliuza mtamba akanunua pampu kubwa. Kila ilipowashwa, swichi kuu ya nyumba ilikata. Fundi akaja, akasema nyaya hazibebi. Muuzaji akagoma kuirudisha.

Baada ya wiki mbili nikarudishiwa jaribio, mwalimu amezungushia duara "dakika 20". Nilikaa kwenye dawati nikihisi baridi. Dakika 20 ni sekunde 1,200. Jibu ni wati 50. Hata ukihesabu upotevu kwenye mota na mabomba, pampu ya nusu hosipawa, kama wati 373, ingetosha. Muhula mzima sikuthubutu kumwambia. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata ile ndogo ya jirani ingetufaa?" Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Akaendelea kumenya muhogo. Yule mtamba alikuwa na mimba.

Basi nikiona 60,000 imegawanywa kwa dakika kwenye daftari lako, sioni alama mbili zilizopotea.

4. Uniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni nishati, si pawa: kilowati moja kwa saa moja, yaani jouli 3,600,000.

5. Kesho jioni njooni na saa na tepu ya kupimia, tutapanda ngazi. Mwenye kilo 45 akipanda mita 3 kwa sekunde 5 anatoa wati 270. Ukipata 27, rudi namba 1.