Usitishwe na "Linux ina kesi"

Ndugu, umeuliza kama uondoe Linux, ule mfumo endeshi huria, kwenye kompyuta za steshenari yako kwa sababu muuza programu mmoja amekwambia "ina kesi mahakamani" na wewe utashtakiwa. Usiondoe kitu.

Mchezo huo ni wa zamani. Machi 2003 huko Marekani, kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai dola bilioni 1, eti msimbo (maandishi ya programu) wa Unix, mfumo endeshi wa zamani zaidi, umetiwa ndani ya Linux. Kesi haijaiva, barua za onyo zikatumwa kwa makampuni kama 1,500, kisha ikaja leseni ya kutumia Linux, dola 699 kwa prosesa moja. Hisa za SCO zikapaa. Agosti wakaonyesha ushahidi Las Vegas, sehemu wameigeuza herufi za Kigiriki isisomeke! Wajuzi wakaisoma hivyo hivyo, wakakuta ni vipande vya kale vilivyokwisha kutolewa kwa leseni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuvitumia. Agosti 2007 jaji akaamua hakimiliki za Unix ni za kampuni nyingine, Novell, si za SCO; mwezi uliofuata SCO ikaomba ulinzi wa muflisi.

Kwa hiyo mwandikie huyo jamaa: kesi namba ngapi, mahakama gani, faili lipi, mistari ipi? Akileta, mpelekee wakili. Akipiga chenga, muulize anauza bei gani, nahisi ndicho kilichomleta.

Ila kagua na ile mashine ya kaunta. Kama ina programu ya kuchapia ya kukopi kwenye flashi ya mtu bila leseni, hiyo ndiyo ya kuondoa leo.