Risasi za Bei Kubwa na Bunduki Yako: Namna ya Kuchagua Kabla ya Kwenda Kitaluni

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa Malindi, na watu wenye leseni za bunduki wanaojiandaa kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda kuwinda katika vitalu vya Tanzania, ni kama risasi za bei kubwa zina shabaha nzuri kuliko zile za kawaida. Nimefanya kazi misimu mingi kusini mwa Tanzania nikiwa msaidizi wa wawindaji bingwa, na kwa niliyoyaona huko jibu langu ni kwamba fedha ya ziada hulipia hasa kazi ambayo kichwa cha risasi kitafanya kikishaingia mwilini mwa mnyama. Shabaha ni mapatano baina ya risasi fulani na mtutu fulani, nayo hayauzwi dukani. Hutafutwa uwanjani, kwa subira na kwa karatasi ya kulengea.

Kabla ya kuendelea, sheria ieleweke. Nchini Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikufungua mlango huo, kwa hiyo maneno haya hayamhusu mtu anayetamani kuingia vichakani kule Galana au Arabuko-Sokoke. Tanzania uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa vibali chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na bunduki haivuki mpaka bila nyaraka za pande zote mbili. Asiyekuwa tayari kuzifuata nyaraka hizo hadi mwisho asianze safari.

Kichwa cha risasi ya kawaida ya kuwindia kina moyo wa madini laini ya risasi uliofunikwa kwa gamba jembamba la shaba nyekundu. Kikimpiga swala pala nyuma ya bega hufunguka vizuri na kumwangusha, na mimi simshauri mtu yeyote azidharau risasi za aina hii kwa wanyama wadogo. Taabu huanza kinapogonga mfupa wa bega la pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, au kinapokutana na ngozi nene iliyogandamana tope, kwa sababu gamba huachana na moyo wake, na kichwa husambaratika kabla ya kuyafikia mapafu. Hayo ndiyo yaliyompata Mmarekani John Nosler mwaka 1946 katika jimbo la British Columbia, Kanada, alipompiga musi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, ambaye mwili wake ulikuwa umejaa tope kavu, na risasi zake zikashindwa kupenya. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ifunguke na nusu ya nyuma ibaki nzima ikiendelea kupenya. Mwaka 1948 akaanza kukiuza kwa jina la Partition, na hadi leo kinauzwa.

Baada ya hapo zilikuja njia nyingine mbili. Moja ni kuunganisha gamba na moyo wake kwa nguvu hata visiachane, na watengenezaji wa Swift A-Frame wamechanganya njia hiyo na ule ukuta wa katikati. Nyingine ni kuuacha moyo kabisa na kutumia shaba tupu, kama alivyofanya Randy Brooks wa kampuni ya Barnes mwaka 1989. Kichwa cha shaba tupu hufunguka mbele kwa mikono kadhaa na hubaki na karibu uzito wake wote, kwa hiyo hupenya kwa kina kinachomshangaza mtu aliyezoea vile vya zamani.

Hapa lipo jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi, nami nataka lieleweke vizuri kwa sababu ndilo linaloharibu shabaha ya watu wengi waliotumia fedha nyingi. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 9 hivi, na ya risasi ina zaidi ya gramu 11. Kwa hiyo vichwa viwili vya uzito mmoja na kipenyo kimoja havina urefu mmoja. Kile cha shaba tupu ni kirefu zaidi. Ndani ya mtutu mna mifuo iliyosokotwa ambayo hukizungusha kichwa ili kiende bila kuyumba, na kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji msokoto wa karibu zaidi. Bunduki nyingi za .30-06, yaani za risasi yenye kipenyo cha inchi 0.3 hivi, zina msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 10, nazo huvimudu vichwa vingi, lakini zipo bunduki za zamani zenye msokoto wa taratibu ambazo zikipewa kichwa kirefu cha shaba hutawanya matundu ovyo. Dawa yake ni kushuka uzito: mtu aliyezoea greni 180, yaani gramu 11.7, ajaribu greni 165 au 150 za shaba tupu, wala asihofu kwamba amepungukiwa, kwa kuwa kichwa kisichopoteza uzito wake mwilini mwa mnyama hakihitaji kuanza kikiwa kizito sana.

Pia shaba tupu haipendi mtutu mchafu. Anayetoka kwenye risasi za gamba na kuingia kwenye shaba tupu ausafishe mtutu kwa dawa ya kuyeyusha shaba hadi kitambaa kitoke bila rangi ya buluu au kijani, kisha afyatue chache za kuuzoesha kabla ya kuhukumu chochote. Nimeona risasi nzuri zikilaumiwa kwa kosa la uchafu uliokuwamo ndani ya mtutu tangu msimu uliopita.

Katika kujaribu, nunua pakiti moja ya aina tatu au nne zinazofaa kwa mnyama unayemwendea, uzifyatue siku moja kutoka kwenye meza imara, kwa umbali wa mita 100, ukiupa mtutu muda wa kupoa baina ya makundi. Kundi la matundu matatu hudanganya. Piga matano, na aina iliyokupendeza uirudie siku nyingine. Tundu la kwanza, lililopigwa mtutu ukiwa baridi, liwekee alama yake, kwa maana porini risasi hiyo ndiyo itakayoamua. Kundi lenye upana wa milimita 40 latosha kabisa kwa uwindaji wa misitu ya miombo, ambako wanyama wengi hupigwa ndani ya mita 150, na sioni faida ya kutafuta milimita 15 kwa kununua vichwa vya mashindano. Kampuni ya Sierra yenyewe, inayotengeneza MatchKing, haiwashauri watu kuitumia kwa kuwinda, kwa sababu vichwa hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya karatasi, na ndani ya nyama havina tabia inayotabirika.

Kwa nyati hesabu hubadilika. Bunduki inayotakiwa ni ya kipenyo cha inchi .375 kwenda juu, na uzito uliozoeleka ni greni 300. Wawindaji bingwa wengi niliofanya nao kazi walitaka risasi ya kwanza iwe ya kufunguka, yenye muungano imara, na zinazofuata ziwe za kichwa kigumu kisichofunguka, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa hukupa kisogo au hukujia uso kwa uso, na katika hali zote mbili kinachohitajika ni kupenya. Basi aina hizo mbili lazima zitue mahali pamoja kwenye mita 50. Kampuni ya Hornady imetengeneza DGX, ya kufunguka, na DGS, ya kichwa kigumu, zikiwa na umbo linalolingana kwa ajili hiyo, lakini hata hizo usiziamini kwa maandishi ya pakiti. Zifyatue zote katika karatasi moja, na kama zinapishana sana, tafuta jozi nyingine.

Kwetu sisi Waislamu wa pwani lipo pia suala la nyama. Kambini tulizoea kukimbilia mnyama akiwa bado na uhai ili achinjwe, na kichwa laini kilichofyatuliwa kwa kasi kubwa huharibu bega zima kwa damu iliyovilia, hata mchunaji akalazimika kukitupa kipande kikubwa ambacho kingelisha watu. Vipande vidogo vya madini ya risasi husambaa mbali na jeraha, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Jimbo la California, Marekani, nalo lilikataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019. Nyama ikiwa inagawiwa vijijini, mimi huchagua shaba tupu bila kusita.

Hali ya hewa nayo isisahauliwe. Baruti ikipata joto huongeza mgandamizo na mwendo, na risasi zilizoachwa mbele ya kioo cha gari juani mwezi wa Oktoba zinaweza kutua juu ya ulipozoea, au kulifanya ganda ling'ang'anie chemba wakati unapohitaji kufyatua tena. Hapa Malindi adui ni chumvi ya upepo wa bahari. Mikanda ya ngozi hutoa kutu ya kijani kwenye maganda, kwa hiyo risasi zikae ndani ya pakiti zake, katika chombo cha plastiki kinachofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Wazee wa Kiwaata waliokuwa wakiwinda tembo huku nyuma yetu kwa pinde waliifunga sumu ya mishale yao kwa ngozi nyembamba isikauke wala kumgusa mtu, na uangalifu wa namna hiyo wafaa kwa kila kitu unachokitegemea mbele ya mnyama mkubwa.

Ukishaipata aina ambayo mtutu wako umeikubali, tazama nambari ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye pakiti, ununue za kutosha za toleo hilohilo kwa kadiri leseni yako inavyoruhusu, kwani baruti ya toleo jipya yaweza kusogeza kundi lako hata kama jina na picha juu ya pakiti ni zilezile. Zikibaki chache na ukalazimika kuchukua toleo jingine, rudi uwanjani na karatasi, uihakikishe darubini upya kabla ya kufunga safari.